Kabla hujakodi basi, nenda kapime korido: namna ya kupeleka wanafunzi kwenye nyumba ya kihistoria

Walimu wenzangu, leo tuongee kuhusu kupeleka wanafunzi kwenye nyumba ya kihistoria. Sio lile jumba kubwa la makumbusho lenye kumbi pana ambalo hata ukienda na shule nzima mnapotelea humo humo ndani, hapana, nazungumzia nyumba kabisa aliyoishi mtu, ina sebule, ina vyumba vya kulala, ina jiko nyuma na ngazi za mbao zinazolia ukikanyaga, afu siku hizi imegeuzwa makumbusho. Mi nazipenda hizi kuliko makumbusho ya aina nyingine yoyote maana mtoto akiona kitanda anaelewa palepale kwamba mtu alilala hapa, huhitaji kumweleza sana. Ila ndo safari zinazoharibika kirahisi kuliko zote.

Ya kwangu ya kwanza iliharibika kweli kweli. Nilienda na watoto 52, tunafika mlangoni tunaambiwa wanaingia 12 kwa mkupuo, na kila mkupuo ni dakika 25. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni mikupuo mitano, yaani wale wa mwisho walikaa nje juani karibu saa moja na dakika arobaini, walipoingia dereva keshaanza kupiga honi kwa hiyo wakapitishwa mbio mbio kama wanaokimbia mvua. Kesho yake darasani namuuliza mmoja, umeona nini? Akanijibu, "Mwalimu, nimeona mgongo wa mwenzangu."

Hapo ndo nilielewa. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya familia, haikujengwa kwa ajili ya darasa, na kila utakachopanga kuanzia barua mpaka choo kinaanzia kwenye upana wa ile korido. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chagua swali kwanza, nyumba baadaye

Wengi tunaanza na "twende wapi", mi nasema anza na "tunaenda kuuliza nini". Hizi nyumba hazifanani hata kidogo. Ipo nyumba ya mtu maarufu, kama ile ya Nelson Mandela kule Soweto, namba 8115 mtaa wa Vilakazi, kanyumba kadogo ka matofali alikohamia 1946, na alipotoka gerezani Februari 1990 alirudi akakaa siku 11 tu. Ipo nyumba ya watu ambao hakuna aliyewajua, kama jengo la wapangaji la 97 Orchard Street huko New York, lilijengwa 1863 na mpaka 1935 walikuwa wamepita humo watu wanaokadiriwa kufika 7,000, wahamiaji kutoka nchi zaidi ya 20, na makumbusho yake yanasimulia familia moja moja ya watu wa kawaida kabisa. Na ipo nyumba tupu. Ile ya Anne Frank kule Amsterdam, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha wakati wa vita vya pili vya dunia, sehemu waliyojificha watu wanane kuanzia Julai 1942 mpaka walipokamatwa Agosti 1944, haina fanicha, vyumba vimeachwa vitupu kwa sababu baba yake Otto Frank alitaka viachwe hivyo, maana vitu vilichukuliwa baada ya watu kukamatwa. Sasa kama umewaambia watoto wataenda kuona kitanda na meza yake ya kusomea watatoka wamenuna, lakini kama swali lenu lilikuwa "utupu unasema nini", basi kile chumba kitawapiga kifuani.

Swali liwe moja. Moja tu bwana. Ukiwa na maswali saba huna swali.

Na kama hujui uanzie wapi kuna swali moja halijawahi kuniangusha kwenye nyumba yoyote kubwa: nani alikuwa anachota maji ya kuoga ya huyu bwana? Mtoto akilishika hilo anaacha kushangaa vioo vya dhahabu, anaanza kutafuta mlango wa nyuma, ngazi nyembamba za watumishi, chumba kilichopo chini ya paa, kengele iliyofungwa waya mpaka jikoni. Kule Monticello, Marekani, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo, yule aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Ukienda nyumba kama ile ukarudi umeongelea saa ya ukutani na maktaba tu, umeenda nusu safari.

Hatua ya 2: Nenda peke yako kwanza

Hii watu wanairuka, wanasema tutafika tu tutaona. Msione, nendeni kabla. Lipa kiingilio kama mgeni wa kawaida, au omba uingie kwa ajili ya ukaguzi, sehemu nyingi mwalimu anayekuja kukagua wanampokea vizuri tu. Chukua daftari na futi ya fundi.

Angalia korido na mlango mwembamba kuliko yote, watoto wawili wanaweza kupishana? Hesabu ngazi, angalia kama zina pa kushika, jiulize yule mwanafunzi wako wa kiti cha magurudumu au anayetembelea magongo ataonaje ghorofa ya juu, maana nyumba za zamani nyingi hazina lifti na haziruhusiwi hata kutobolewa ukuta. Usisubiri siku yenyewe umwambie "wewe baki na mwalimu hapa chini", hiyo inauma sana na mtoto haisahau. Uliza mapema kama wana picha au video ya vyumba vya juu, au kama vitu viwili vitatu vinaweza kushushwa, au basi panga ile kazi kubwa ya siku hiyo ifanyike chini kwa wote.

Vyoo. Hesabu vyoo. Kama ni viwili na nyinyi mko 48, tayari umeshajua kwamba dakika 20 za ratiba yako zimeliwa na foleni, ziandike kabisa.

Afu basi linasimama wapi, ni mbele ya geti au ng'ambo ya barabara? Kuna kivuli? Mvua ikinyesha mnakaa wapi wale ambao zamu yao haijafika? Wanaruhusu kula ndani ya uwanja? Mabegi yanawekwa wapi? Wana sheria gani ya kupiga picha? Na lile la mwisho ambalo ni la muhimu kuliko yote: tembea na mwongozaji, msikilize anavyoongea. Wapo wanaojua kuongea na watoto, na wapo ambao watasimama mbele ya kabati dakika kumi wanataja miaka tu. Ukikutana na wa aina ya pili usimchukie, mwambie tu kwa adabu swali lenu ni lipi na watoto wana umri gani, wengi wanabadilika wakijua unachotaka.

Hatua ya 3: Hesabu ya makundi (hapa ndo safari inapopona au inapokufa)

Uliza: mnaruhusu watu wangapi kwa mkupuo ndani? Sio roho mbaya yao, sakafu za mbao za zamani zina mwisho wa uzito zinaoweza kubeba, na chumba chenye kamba katikati kinabakiza njia ndogo tu ya kusimama. Nyumba nyingi utaambiwa kati ya 10 na 15.

Tuchukulie mna watoto 48 na nyumba inakubali 12. Hayo ni makundi manne. Kama ziara ya ndani ni dakika 30, unahitaji vituo vinne vinavyoenda kwa pamoja, kila kundi linazunguka: kituo cha kwanza ni ndani ya nyumba, cha pili uani, jiko la nje, kisima, banda, bustani, chochote kilichopo, cha tatu kuchora nyumba kwa nje, cha nne kula, kunywa maji na choo. Dakika 30 mara nne ni 120, ongeza dakika tano za kuhama mara tatu, jumla 135, yaani saa mbili na robo. Ongeza nyingine 15 za kushuka kwenye basi na salamu na maelezo ya mwanzo. Saa mbili na nusu. Umeona? Hakuna mtoto aliyekaa juani bila kazi, na hakuna aliyeona mgongo wa mwenzake.

Vile vituo vya nje visiwe vya kupotezea muda, watoto wananusa haraka sana kwamba hapa tumewekwa tu tusubiri. Mi kituo cha kuchora nakipenda kuliko vyote. Mpe mtoto karatasi na penseli, mwambie achore upande mmoja wa nyumba, asisahau hata dirisha moja. Ataanza kuuliza mwenyewe mbona dirisha hili ni dogo kuliko yale mengine, mbona hapa ukuta una rangi tofauti, kumbe kulikuwa na mlango ukazibwa. Nyumba inasomwa kwa nje kama inavyosomwa kwa ndani.

Kama mna watoto 90 usilazimishe siku moja. Nendeni siku mbili. Najua basi linagharimu, lakini siku moja mbaya ya watoto 90 ni hasara kubwa kuliko basi la pili.

Hatua ya 4: Weka nafasi, kwa maandishi

Kwenye barua au barua pepe yako taja tarehe na tarehe mbadala, idadi ya wanafunzi na umri wao, idadi ya watu wazima, saa ya kufika na kuondoka, mgawanyo wa makundi uliokwisha kuupanga, swali lenu, na mahitaji maalum ya mwanafunzi yeyote. Waulize kiingilio cha shule ni kiasi gani, walimu wanalipa au hawalipi, na mkiahirisha inakuwaje. Jibu lao liprinti, nenda nalo siku hiyo. Mtu mliyeongea naye kwenye simu siku hiyo atakuwa likizo, ndivyo dunia ilivyo.

Zile nyumba maarufu sana usizichukulie kawaida, ile ya Anne Frank kwa mfano tiketi zinauzwa mtandaoni tu na kila tiketi ina saa yake ya kuingia, ukifika bila tiketi hata uwe na watoto 40 wenye sare nzuri huingii.

Hatua ya 5: Ruhusa, pesa, basi

Hapa nitapita haraka maana kila shule ina utaratibu wake. Fomu ya mzazi iwe na tarehe, mnaenda wapi, mnaondoka na kurudi saa ngapi, mchango kiasi gani, avae nini, abebe nini, na sehemu ya mzazi kujaza mzio, dawa, ugonjwa, na namba mbili za simu zinazopatikana siku hiyo. Mbili, sio moja. Watoto ambao nyumbani hawawezi kutoa mchango wajulikane na mtu mmoja tu pale shuleni na yamalizwe kimya kimya, ukisoma majina ya wasiolipa mbele ya darasa umeshaiharibu safari kabla haijaanza.

Orodha ya majina toa kopi tatu, moja unabaki nayo, moja kwenye basi, moja ofisini shuleni. Hesabu watoto kwa kuita majina na sio kwa kuhesabu vichwa, vichwa vinahama. Dereva apewe ratiba na namba yako, akubaliane na saa ya kuondoka mapema ili asije akakupigia honi kama alivyonifanyia yule wa kwangu.

Hatua ya 6: Watu wazima wapewe kazi, sio heshima tu

Mzazi akiambiwa "karibu utusaidie" bila kuambiwa asaidie nini, atatembea nyuma anachati. Mpe kundi lake la watoto, kwa majina, na kazi yake kwenye karatasi ndogo. Kila kundi watu wazima wawili, mmoja anatangulia na mmoja anafunga mkia, anayefunga mkia ndo mwenye kazi ngumu maana ndiye anayeona mkono ukinyooka kuelekea kwenye kikombe cha udongo cha miaka mia mbili. Na kama mzazi ana mtoto wake kwenye safari, mweke kundi lingine, watakushukuru wote wawili, mzazi na mtoto.

Hatua ya 7: Waandae watoto darasani, na usiwadanganye kuhusu "usiguse"

Hapa ndo napenda kukaa. Tunawaambia watoto usiguse, usikimbie, usile, usipige picha, usi usi usi, mpaka wanafika wamekasirika tayari. Waambie sababu. Mtoto akijua sababu anakuwa polisi mwenyewe, tena mkali kuliko wewe.

Wiki tatu au nne kabla, fanyeni majaribio mawili. La kwanza, chukua kipande cha kitambaa chenye rangi kali au karatasi ya rangi, funika nusu yake kwa kadibodi nzito, kibandike kwenye dirisha linalopigwa jua. La pili, tafuta vipande viwili vya shaba au sarafu mbili za rangi ya shaba, zisugue mpaka zing'ae, moja ifunge kwenye plastiki na nyingine iwekwe mezani kila anayeingia darasani aishike. Siku moja kabla ya safari fungua vyote viwili. Kitambaa upande mmoja kimepauka, sarafu iliyoshikwa imefifia ina madoa. Huna haja ya kuhutubia tena.

Sasa waeleze. Mikono yetu hata ikiwa misafi ina mafuta, jasho na chumvi, vinakula chuma na shaba na vinachafua mbao na kitambaa taratibu, mguso mmoja hauonekani ila wageni elfu wakigusa palepale panaonekana. Mwanga nao unakula rangi na nyuzi, na kilicholiwa na mwanga hakirudi hata ukizima taa, ndo maana vyumba vyenye nguo, karatasi au picha za rangi ya maji unavikuta vina kiza kiza, wahifadhi, wale wataalamu wa kutunza vitu vya makumbusho, wanashusha taa mpaka luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga) wakati darasa lenu lina mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Mtoto asiyejua hili atasema makumbusho yenu hayana umeme. Makombo ya chakula yanaita wadudu, wadudu wakimaliza makombo wanahamia kwenye zulia na vitabu. Na kalamu ya wino ikidondoka kwenye zulia la zamani ni msiba, penseli ikidondoka unaiokota, kwa hiyo siku hiyo penseli tu.

Afu fanyeni mazoezi ya nafasi. Chukua chaki, chora sakafuni chumba cha ukubwa uliopima siku ile ulipoenda peke yako, waingie 12 wasimame humo wakiwa na mabegi mgongoni. Wageuke. Watagongana, watacheka, na wewe utasema ndo maana mabegi yanabaki kwenye basi. Dakika tano zimetosha.

Kuhusu maudhui, usiwasimulie kila kitu ukawamalizia utamu. Wape picha moja ya nyumba na mti wa familia wa walioishi humo, na wote waingie kwenye huo mti hata wasio wa damu, mpishi, yaya, mtunza bustani, mtumwa, mpangaji. Afu uwape kazi ya nyumbani: mgeni asiyekujua akiingia sebuleni kwenu leo mkiwa hampo, atajua nini kuhusu nyinyi na nini atakosea? Majibu yake yanafurahisha sana, na mtoto anakuwa keshaelewa kwamba vitu vinasema ukweli lakini pia vinadanganya.

Kama nyumba ina habari nzito, utumwa, vita, watu waliopelekwa kuuawa, zungumzeni kabla. Hakikisha hakuna mtoto anayelisikia jambo kama hilo kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kwenye korido nyembamba katikati ya wenzake. Waambie pia inaruhusiwa kutoka nje kupunga hewa, hakuna atakayecheka.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Choo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mabegi yabaki. Mwonyeshe kila mmoja sehemu moja ya kukutana kama akipotea, mti fulani au geti, na umwambie akipotea asitutafute, aende pale asimame.

Zile karatasi za maswali 40 za kujaza nafasi ziache nyumbani. Nimeziandaa mimi mwenyewe miaka na miaka kwa hiyo nina haki ya kuzisema: mtoto mwenye maswali 40 haangalii nyumba, anatafuta majibu kwenye vibao, anamnakili mwenzake, anatoka. Mpe karatasi moja yenye mambo matatu. Chagua kitu kimoja ukichore. Andika alikitumia nani na nani alikisafisha. Andika swali moja ambalo hukupata jibu lake. Basi.

Kwenye chumba kimoja, kile kizuri kuliko vyote, omba mwongozaji awaachie dakika tatu za kimya kabisa, hakuna anayeongea hata wewe. Dakika ya kwanza watacheka chini chini. Ya pili wataanza kuangalia juu, kwenye dari, chini ya kitanda. Ya tatu ndo mali. Wakati mmoja kuna binti ambaye darasani haongei kabisa, baada ya ule ukimya akanyoosha mkono akauliza mbona kitasa cha huu mlango kiko upande wa nje tu. Mwongozaji mwenyewe alikaa kimya kidogo, afu akasema hicho kilikuwa chumba cha mfanyakazi.

Wafundishe pia kumuuliza mwongozaji swali hili: kipi hapa ni cha asili na kipi kimeletwa baadaye? Nyumba nyingi zimepangwa upya, fanicha ni za kipindi kile lakini sio zote za mwenye nyumba, na hakuna ubaya wowote ilimradi ukweli usemwe. Swali mapacha yake ni: kati ya mwenye nyumba kuondoka na makumbusho kufunguliwa, hapa palikuwa pana nini? Chukua nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, kule Nairobi, ilijengwa 1912, yeye akaondoka 1931, makumbusho yakafunguliwa 1986. Hiyo ni miaka 55 katikati! Nyumba haikulala usingizi miaka 55. Serikali ya Denmark iliinunua ikaikabidhi kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, kikawekwa chuo, baadaye sana ndo ikawa makumbusho. Watoto wanaipenda hii miaka ya katikati kuliko unavyodhani, kwa sababu kwenye vitabu haimo.

Mambo yataharibika, sasa ni kujua tu utafanya nini. Mtoto akivunja au akichana kitu, usiokote vipande, usijaribu kugundisha, usimfokee mbele za watu, mwite mhudumu hapo hapo, wahifadhi wanaweza kuunganisha vitu vingi sana ila gundi yako ya kujifanya fundi wataitoa kwa taabu. Kundi likichelewa ndani, usifupishe la mwisho, fupisha wote kidogo kidogo, mnaongea kwenye grupu la WhatsApp la walimu wa siku hiyo, "toeni dakika tano kila kituo". Mvua ikinyesha kituo cha kuchora kinahamia barazani, na kama hakuna baraza ulitakiwa ulijue kwenye hatua ya 2.

Picha za safari apige mtu mmoja aliyepangwa, bila flashi, pale panaporuhusiwa. Simu zikiwa mikononi mwa watoto wote, nyumba inageuka kuwa ukuta wa nyuma wa picha zao.

Kabla ya kupanda basi ita majina. Halafu ita tena mkishakaa.

Hatua ya 9: Mkirudi

Usisubiri wiki. Kesho yake, kabla hujasema chochote, wape karatasi tupu wachore ramani ya nyumba kwa kukumbuka tu, mlango ulipo, jiko lilipo, nani alilala wapi. Bandika ramani zote ukutani pamoja, utaona wengi wamekumbuka jiko na wamesahau sebule, au vyumba vya watumishi vimechorwa vikubwa kuliko vya bwana, na hapo mnayo ya kujadili kipindi kizima. Kisha rudini kwenye lile swali lenu moja, na yale maswali yaliyokosa majibu yakusanyeni, chagueni matatu mazuri myatume kwa makumbusho pamoja na barua ya shukrani iliyoandikwa na watoto wenyewe, makosa ya herufi na yote, usiisahihishe mpaka ikakosa sauti yao. Mara nyingi wanajibu. Kuna mwaka tulijibiwa kurasa mbili na picha ya zamani ya jiko, tukasoma darasani watoto wakapiga makofi kama ni barua ya rais.

Wewe sasa kaa na daftari lako dakika kumi siku ileile usiku, hata kama miguu inauma, uandike yale ambayo mwakani utakuwa umeyasahau. La kwangu la mwisho lina hivi: vyoo viwili, kimoja kibovu. Mwembe wa upande wa kushoto una kivuli mpaka saa sita tu. Makundi ya 10 ni bora kuliko 12. Ngazi ya nne kutoka chini imelegea, waambie wahudumu kabla. Yule mama mwongozaji wa asubuhi, omba yeye tena.